Chokaa Chini ya Mgomba

Fundi Zuberi Ndayisaba wa Rwezamenyo alikuwa na tabia iliyomchosha mkewe tangu mwezi wa kwanza wa ndoa: hakuweza kupita kando ya ukuta bila kuugonga kwa kifundo cha kidole. Aligonga ukuta wa duka, ukuta wa posta, hata ukuta wa nyumba yenye msiba walipokwenda kuhani, kisha akainamisha kichwa kusikiliza, na mkewe akabaki akiwatazama wafiwa kwa haya. Tofali zima hujibu, alisema. Tofali bovu hunyamaza. Watu wa mtaa walimcheka miaka arobaini kwa hilo, na bado kila aliyetaka kununua nyumba alimpitia kwanza ili akamgongee kuta.

Ukuta mmoja tu aliugonga kwa siri, kila Ijumaa baada ya swala. Huo ulikuwa wa kanisa.

Kanisa lenyewe lilikaa kwenye mgongo wa kilima juu ya Kimisagara, jekundu, refu kupita kitu chochote jirani, na watu wa upande ule wa mji waliliita Kiliziya tu, kana kwamba Mungu hakujengewa jingine. Babu yake Zuberi, seremala Feruzi, alikuwemo walipolijenga. Feruzi alitoka Ujiji na msafara wa Wajerumani, akaja na msumeno, randa na msahafu, akapokewa na mapadri ambao hawakujali anaswali wapi mradi mbao zake zimenyooka. Mapadri walitaka kanisa kama la kwao, lenye matao yaliyochongoka juu. Kwao matao hayo hujengwa kwa mawe ya kuchonga. Hapa wachonga mawe hawakuwepo, ila palikuwa na udongo wa bonde la Nyabugogo, basi wakafyatua matofali na kuyachoma, maelfu kwa maelfu. Vita vya Wazungu vikaja, kazi ikasimama, Mjerumani akaondoka na Mbelgiji akaingia. Mpaka leo ukisimama nje unauona mstari wa vita ukutani: chini matofali meusi-mekundu ya Mjerumani, juu yale ya Mbelgiji yenye rangi ya karoti.

Tao lililochongoka, Feruzi alimweleza mjukuu wake, halina uchawi. Unapigilia vigingi viwili, unafunga kamba, unachora kutoka kigingi cha kwanza, kisha kutoka cha pili, na mistari inakutana juu kama viganja vya Mkatoliki anayesali. Unatengeneza kalibu ya mbao kwa umbo hilo, unapanga matofali juu yake, na yakishashikana unaiondoa. Tao la duara husukuma kuta pembeni kwa nguvu. Lililochongoka hupeleka uzito chini, ingawa nalo halikosi kusukuma kidogo, na kwa ajili ya kidogo hicho mapadri walijenga nje, sambamba na kila tao, nguzo nene ya kuuegemeza ukuta, mfano wa mtu anayezuia mlango kwa bega. Mafundi huiita mwega. Kiliziya ilikuwa na miega sita kila upande, na kalibu moja ya Feruzi ilibaki baada ya kazi, akaibeba nyumbani. Sasa ilikuwa sehemu ya dari katika sebule ya Zuberi, na wageni walidhani ni pambo.

Mwega wa tatu, upande wa kusini, ndio uliomnyima Zuberi raha.

Kiangazi cha mwaka 1979 mwega huo ulikuwa umeliwa na mvua, na paroko wa wakati huo, Padri Anselmi, Mzungu mwenye ndevu na maneno machache, akampa Zuberi kazi ya kuujenga upya kuanzia kiunoni kwenda chini. Sharti lilikuwa moja: chokaa tupu. Matofali ya zamani ni laini, hunywa maji na kuyatoa, na chokaa hupumua pamoja nayo. Saruji haipumui. Zuberi aliyajua hayo kabla Padri hajazaliwa, au ndivyo alivyopenda kusema. Alikuwa na chokaa shimoni uani kwake, imezimwa kwa maji, imefunikwa mchanga na majani ya migomba, imekaa mwaka mzima mpaka ikawa laini kama siagi.

Basi Idi ikakaribia, na msikiti mdogo wa mtaani ulikuwa umechakaa hadi aibu. Wazee wakamwambia, Zuberi, wewe una chokaa. Ilikuwa ya kanisa, tena Padri alikuwa amekwisha kuilipia na kumwachia kwa imani. Zuberi akajiambia atachukua kidogo, atairudisha. Mtu asiyejua chokaa hawezi kujua jinsi ukuta mkavu unavyoinywa. Jioni ya tatu msikiti uling'aa, shimo lilikuwa tupu, mawingu ya Septemba yalikuwa njiani, na mwega ulikuwa wazi kama jeraha.

Asubuhi iliyofuata alimtuma msaidizi wake, Twagirayezu, mtu wa Gatsata aliyekuwa anajifunza kazi, ashinde bondeni akichagua matofali. Siku mbili alimtuma hivyo. Siku mbili hizo Zuberi alijenga mwega kwa saruji, peke yake, kisha akapaka chokaa kiasi cha unene wa kidole juu ya maungio ili jicho lisione. Padri Anselmi akaja, akatazama, akamshika mkono. Mkono ule Zuberi hakuusahau.

Mwezi uliofuata alileta chokaa mpya kutoka Ruhengeri, akaizima, akaifukia shimoni chini ya mgomba wa pili, nyuma ya jiko. Kiangazi kijacho angekwenda kubomoa na kurekebisha. Kiangazi kikaja na sababu zake, na kilichofuata kikaja na zake. Padri Anselmi akarudi kwao akafia huko. Zuberi akabaki kumwagia shimo ndoo ya maji kila wiki isikauke, na mkewe Mukandekezi, mama wa Aziza, akazoea kupita kando yake na sufuria za moto bila kuuliza. Alipouliza mara moja, aliambiwa ni akiba.

Watu wanapenda kusema usipoziba ufa utajenga ukuta. Zuberi aliichukia methali hiyo kuliko zote. Ufa wake aliuziba, tena kwa saruji bora, na balaa ikaanzia hapo.

Vita vilianza Oktoba 1990, kutoka mpaka wa Uganda, na mji ukabadilika tabia. Watu walikamatwa kwa mamia. Jirani alipunguza sauti jirani mwingine alipopita. Kitambulisho, ambacho kwa kila mtu kilitaja kabila, kilianza kutazamwa kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji. Mtu mwenye ndugu Kampala alijifunza kutomtaja, na Twagirayezu alikuwa na kaka Kampala, na kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho chake halikumsaidia miezi ile.

Wakati huo Twagirayezu ndiye aliyekuwa fundi wa Kiliziya. Zuberi alikuwa na miaka sitini na moja, magoti hayapandi tena jukwaa, akabaki kuitwa kwa ushauri. Ila Ijumaa zake hakuziacha. Nyuma ya bomba la mvua, mahali mwega wa tatu unapokutana na ukuta, alikuwa amebandika kipande chembamba cha kioo kwa plasta, ncha moja kwenye mwega na nyingine ukutani. Kioo hakina uvumilivu. Ukuta ukisogea hata unene wa ukucha, kinavunjika.

Ijumaa ya tarehe 22 Machi 1991, wiki ya kwanza ya Ramadhani, mvua za masika zikiwa zimekolea, alipeleka kidole nyuma ya bomba na kukikuta kioo kimevunjika vipande viwili.

Alisimama pale mpaka kanzu ikalowa. Aligonga tofali la mwega, likanyamaza. Akagonga la pembeni. Nalo likanyamaza. Jumapili ingekuwa Jumapili ya Matawi, kanisa lingejaa mpaka milangoni. Padri Nahimana, paroko wa sasa, alikuwa ndani akipanga vitabu. Hatua ishirini tu. Zuberi akajiambia kioo kimevunjwa na ndege, akapanda kilima kurudi Rwezamenyo.

Jumapili, wakati wa matoleo, kipande cha lipu kikubwa kama sinia kilitoka kwenye tao la tatu la kusini na kumwangukia mama mzazi wa konseye, kiongozi wa sekta. Kilimpiga begani, akaanguka juu ya matawi yake. Hakuvunjika mfupa. Lakini watu walipoinua macho waliuona ufa, umetoka nchani mwa tao hadi kwenye nguzo, mweusi, kidole kinaingia.

Konseye Bizimana hakuwa mtu mbaya kabla ya vita, na sijui kama alikuwa mbaya baadaye. Alikuwa mtu aliyeogopa wakubwa wake, na mama yake alikuwa amelala na bega limevimba. Aliuliza nani alifanya kazi kwenye ukuta ule mara ya mwisho. Wakamwambia ni Twagirayezu, wiki iliyopita alikuwa anapiga lipu. Kabla ya saa tisa Twagirayezu alikuwa kasho, mahabusu ya komini.

Jumatatu asubuhi mkewe, Kabagwira, alikuwa mlangoni kwa Zuberi, miguu imejaa tope kutoka Gatsata. Hakukaa kitini alipokaribishwa.

"Mzee, bwana yangu wamemupeleka," alisema. "Wanasema iko icyitso."

Neno hilo, mtu anayemsaidia adui kwa siri, mwaka ule lilitosha kumpoteza mtu. Mukandekezi alifunga mlango wa uani.

"Wanasema alilegeza kiliziya ianguke siku ya Pasika, watu bakiwa ndani," Kabagwira akaendelea. "Wewe ndiye ulimufundisha kazi. Nenda useme hata neno moja. Wewe watakusikia, wewe iko mutu muzima."

"Nitakwenda," Zuberi alisema.

"Leo?"

"Nitakwenda, mwanangu."

Hakwenda Jumatatu. Jumanne alifika mpaka kwenye ofisi ya konseye, akakuta foleni, akaishukuru foleni. Jumatano alishinda msikitini chini ya ukuta wa kibla, ambao baada ya miaka kumi na miwili bado ulikuwa mweupe, na kila aliporukuu aliona chokaa ya watu. Aliogopa. Niseme wazi, kwa sababu yeye mwenyewe baadaye alisema wazi: aliogopa kasho, aliogopa uzee wake usiweze sakafu ya saruji, na zaidi ya hayo aliogopa kuwatia Waislamu wa mtaa midomoni mwa watu katika mwaka wa kutafuta wa kulaumiwa. Hofu ya mwisho ilikuwa ya haki kidogo, kwa hiyo aliitumia sana.

Alhamisi akapata wazo la kumwokoa Twagirayezu bila kujitaja. Aliishusha kalibu ya Feruzi kutoka darini, vumbi la miaka sabini likamwagika kwenye mikeka, na wanaume wanne wakaibeba hadi Kiliziya. Konseye aliitwa, na Padri Nahimana akatoka sakristia na kidaftari kwapani.

"Hii ndiyo mbao iliyozaa matao haya," Zuberi aliwaambia. "Haijabadilika. Tazameni kama mtoto bado anafanana na mama."

Waliiinua kwa kamba mpaka ikagusa tumbo la tao. Upande wa kushoto ilikaa sawasawa. Upande wa kulia, kati ya mbao na matofali, palibaki nafasi ya vidole vitatu. Zuberi alipanda ngazi kwa magoti yake mabaya, akachokoa ndani ya ufa kwa msumari, akashuka na kiganja kimejaa utando wa buibui, udongo wa nyumba za nyigu na mavi makavu ya popo.

"Nyigu hawajengi kwa wiki moja," alisema. "Ukuta huu umeanza kuondoka zamani. Lipu ya Twagirayezu ilikuwa juu juu tu, ikakatika."

Konseye alitazama kiganja, akatazama nafasi ya vidole vitatu. Hakuwa mjinga.

"Fundi, hii kitu iko ya zamani, nimeona," alisema. "Lakini zamani nayo iko na mutu wake. Padiri, nani alifanya kazi hapa mbele?"

Padri Nahimana akafungua kidaftari cha matengenezo, akapitisha kidole. "Mwaka sabini na tisa. Mwega wa tatu. Fundi Zuberi, msaidizi Twagirayezu."

"Nani anachanganya udongo? Fundi ao musaidizi?"

"Kwa desturi ni msaidizi," Padri alisema, na akamtazama Zuberi akingoja aseme.

Zuberi alikuwa na utando wa buibui mkononi na kinywa kikavu cha saumu. Kila mtu alimngoja. Kitu pekee alichopaswa kusema kilikuwa maneno matatu, na aliyahisi yamekaa nyuma ya meno kama mbegu ya papai. Akajifuta mkono kwenye kanzu.

"Basi," konseye alisema, "ni yeye tena. Tangu zamani."

Jioni hiyo Zuberi alifuturu tende moja na kusukuma uji pembeni. Mukandekezi aliketi mbele yake, akiwa na leso mapajani, akaangalia juu mahali dari ilipokuwa na shimo.

"Baba Aziza," alisema, "mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nani kakwambia mimi mgonjwa?"

"Miaka kumi na miwili unanywesha shimo maji. Mtoto wetu hukumwogesha hivyo." Akakunja leso. "Sijui kuna nini. Sitaki kujua leo. Ila yule mwanamke atarudi kesho, na safari hii mlango utaufungua wewe."

Zuberi hakulala vizuri, hilo halina haja ya kusimuliwa. Asubuhi ya Ijumaa Kuu alivaa kanzu safi, akatia kofia, akachukua nyundo na patasi ndani ya mfuko wa kitambaa, na chini ya mkono jamvi dogo na shuka. Mukandekezi aliona shuka, akaelewa, akamwongezea sweta.

Kanisa lilikuwa tupu, madhabahu yamevuliwa vitambaa kama ilivyo siku ile. Aliomba konseye aitwe, na Twagirayezu aletwe. Walimleta saa nne, amekonda ghafla, shati halina vifungo, akipepesa macho mwangani. Zuberi aliwapeleka nje, kwenye mwega wa tatu, mvua nyepesi ikinyesha, akapiga patasi kwenye ungio moja la matofali, chini, mahali anapopajua. Chokaa ya juu ilibanduka kama ganda la yai. Chini yake palikuwa na kitu cha kijivu, kigumu. Akapiga tena mpaka tofali likalegea, akalichomoa, na nyuma yake tofali la zamani likatoka lenyewe, limeoza, limekuwa tope jekundu lililochuruzika kwenye kanzu yake.

"Hiyo ni saruji," alisema. "Imefungia maji ndani miaka kumi na miwili. Mwega umeoza, ukuta umekosa bega, tao limefunguka. Saruji niliitia mimi, kwa mikono yangu. Huyu nilimtuma bondeni siku mbili ili asione."

Konseye ndiye aliyezungumza kwanza.

"Nani alikutuma kufanya hivyo?"

"Idi," Zuberi alisema.

Konseye akaanza kukasirika, akidhani ni jina la mtu. Zuberi akaeleza. Alieleza yote, shimo, msikiti, jioni tatu, mkono wa Padri Anselmi, na sauti yake ilikuwa ikikatika kama ya mtu anayepanda mlima. Padri Nahimana alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo chokaa yetu iko msikitini," alisema mwishoni.

"Ukuta wa kibla, Padri. Wazee hawakujua ni ya nani. Kama kuna wa kuulizwa ni mimi."

"Bado iko nyeupe?"

"Bado."

Padri aliokota tope jekundu la tofali, akalisugua kati ya vidole.

Konseye alikuwa na shida ya aina nyingine. Alikuwa amekwisha kuandika kwa wakubwa kwamba ana mtu. Alizunguka mwega mara mbili, akachafua viatu, akagusa saruji kwa kidole. Mwishowe alisema Twagirayezu atarudi kwake, na Fundi Zuberi atakwenda kasho mpaka mambo yaangaliwe. Mtu mmoja anatoka, mmoja anaingia, karatasi zinabaki sawa.

"Nitakwenda," Zuberi alisema. "Nimekuja na shuka. Ila tao haliwezi kungoja karatasi. Kesho kutwa ni Pasika. Nipe saa tatu, na mtu mmoja anayejua kukaza kalibu."

Alikuwepo mmoja tu aliyejua, na alikuwa amesimama pale bila vifungo.

Walifanya kazi saa tatu. Walisimamisha magogo ya mikaratusi, wakainua kalibu ya Feruzi, wakaziba nafasi ya vidole vitatu kwa vipande vya mbao ngumu, wakagonga kabari moja moja, kushoto, kulia, kushoto, kulia, mpaka tao likakaa juu ya mbao iliyolizaa na kutulia. Twagirayezu hakusema neno lisilo la kazi. "Leta." "Shika." "Tosha." Walipomaliza, Zuberi alimwambia kwa sauti ya chini, "Nyuma ya jiko langu, mgomba wa pili. Kuna chokaa. Mama Aziza ataimwagia maji, lakini wewe ndiye utakayejua ikiiva." Twagirayezu aliokota nyundo, akaiweka mahali pake, akaondoka kwenda Gatsata kwa miguu.

Kasho ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kiganja. Jumapili asubuhi Zuberi alikaa chini yake. Alikuwa amemwomba Padri aufunge upande wa kusini kwa kamba na asipige kengele kubwa, kwa sababu kengele hutikisa kuta. Padri aliahidi kamba. Kuhusu kengele alisema ni Pasika. Saa nne kengele kubwa ilianza, na Zuberi akashika goti lake. Alijua kila kabari ilipo. Alizipitia moja moja kichwani, kushoto, kulia, na kila pigo alingoja mngurumo wa matofali. Mtu wa pembeni alimwuliza kama anaumwa. Kengele iliendelea muda mrefu kuliko alivyowahi kuisikia. Iliponyamaza palifuata kimya, na ndani ya kimya hicho, mbali, watu wakaanza kuimba. Zuberi akalia, hakujificha.

Alikaa siku kumi na nane. Idi ilimkuta humo, Mukandekezi akamletea pilau kwenye bakuli lililofungwa kwa leso ile ile. Kisha wakamwachia bila maelezo, kama walivyowaachia wengine kadhaa mwezi ule, na wengine hawakuwaachia.

Mwezi wa Juni mvua zilikata. Zuberi alipokwenda uani kufungua shimo, ambalo hakulisogelea tangu atoke kasho, alikuta mchanga umefukuliwa na kurudishwa kwa uangalifu, majani yamebadilishwa mabichi, na juu yake alama ya ndoo. Twagirayezu alikuwa anakuja, Mukandekezi alisema, kila Jumapili akitoka misa. Hakuwa anaingia ndani. Alikuwa anainama, anachota kidogo kwenye mwiko, anaitazama, anafukia.

Chokaa ya miaka kumi na miwili si kitu cha kuonekana kila siku. Ilikuwa nyeupe, nzito, ikikatika kwa mwiko bila kushika. Waliibomoa saruji pamoja, wiki mbili, na kuujenga mwega upya kutoka chini, Zuberi akiwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa na kupanga matofali ya chini, Twagirayezu ya juu. Bado maneno yalikuwa yale yale, leta, shika, tosha. Zuberi hakudai zaidi. Alijua hana haki ya kudai.

Siku ya mwisho, Twagirayezu alikuwa analainisha ungio la mwisho. Alizungumza akiwa amempa mgongo.

"Siku sita, Mzee," alisema. "Mimi iko mule ndani siku sita, na wewe iko unajua."

Zuberi angeweza kukubali. Sita ilikuwa nyingi ya kutosha, na hakuna mtu duniani aliyejua kwamba zilikuwa zaidi.

"Nane," alisema. "Ijumaa kabla ya Matawi nilikuta kioo kimevunjika. Nikaenda nyumbani. Jumapili nikakuacha uingie na mke wako, mkakaa chini ya tao."

Mwiko ulisimama. Twagirayezu aligeuka, akamtazama yule mzee juu ya ndoo. Kisha alichota chokaa, akamshushia.

"Ungio la chini lina tundu," alisema. "Shika."

Zuberi alishika. Aliliziba tundu, akabandika kipande kipya cha kioo nyuma ya bomba, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1979 aliugonga mwega wa tatu mbele ya mtu mwingine. Wote wawili waliinamisha vichwa, wakasikiliza.